Mume wangu anaona kupigwa bei ugenini ni ukarimu

Shangazi, shikamoo.

Safu yako huwa naisoma kimyakimya, leo nimeona nami nilete langu. Ndoa yangu haina shida kubwa, ila kuna jambo limenikaba kooni na safari nyingine inakaribia.

Mimi na mume wangu tulijinyima muda mrefu, tukaenda Istanbul kutembea. Mji ni mzuri, sikatai. Lakini tangu tunatua hadi tunaondoka nilijiona kama mtu aliyebandikwa tangazo mgongoni. Uwanja wa ndege kulikuwa na foleni rasmi ya teksi. Kabla hatujaifikia akatujia kijana mchangamfu, akamsaidia mume wangu begi, akatutoa hadi kwenye gari lililoegeshwa pembeni. Nikauliza mita. Akasema mita mbovu, lakini nauli ni ile ya kawaida. Mume wangu akaniambia, "Twende tu, tumechoka." Tulipofika hotelini, dada wa mapokezi alituuliza tumelipa kiasi gani. Tulipomtajia akacheka kwa huruma, akasema hiyo ni karibu mara tatu ya nauli.

Hilo nililimeza. Lililonishinda ni la kesho yake. Safari hii tulipanda teksi ya njano, mita inatembea, nami najisifu moyoni. Tuliposimama nikampa dereva noti mbili za lira 200, nimezitoa mwenyewe kwenye pochi. Akainama kidogo kama anayetafuta chenji, akainuka na noti moja ya 200 na moja ya 20, uso umekunjamana, ananiambia nimempunja. Shangazi, noti ya 20 ni ya kijani na ya 200 ina rangi ya zambarau iliyopauka. Hata usiku huwezi kuzichanganya. Nikaanza kubishana naye, akapandisha sauti, magari nyuma yanapiga honi. Mume wangu akachomoa 200 nyingine, akamkabidhi, kisha akamwambia abaki na chenji. Abaki na chenji! Tuliposhuka akasema nimemwaibisha mbele ya watu, na kwamba yule naye ana watoto wa kulisha.

Kuanzia hapo kila manunuzi yakawa ugomvi. Kwenye lile soko kuu la kale lenye mapaa tulipewa chai, tukaonyeshwa zulia dogo, nikashusha bei mpaka nusu, nikatoka kifua mbele. Duka la tano kutoka pale nikaona zulia lile lile kwa bei ya chini zaidi, hata kabla sijafungua mdomo. Nililipa kwa kadi. Mashine ikaleta maandishi fulani, muuzaji akabonyeza mwenyewe haraka. Taarifa ya benki ilipokuja, kiasi kilichokatwa kilizidi hesabu yangu. Na jioni ya mwisho tulikula samaki ambaye bei yake haikuwa kwenye menyu. Bili ilipoletwa mume wangu alilipa bila kuisoma, akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Sasa amekata tiketi za Bangkok kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Nimemwambia siendi mpaka tuelewane, au twende na kikundi cha wakala ili nisishike pesa kabisa. Yeye anasema tatizo langu ni ubahili, kwamba nahesabu vijisenti na kuharibu likizo. Naomba uniambie ukweli: mimi ni bahili? Kuna namna ya kujikinga, au mgeni ni wa kuliwa tu? Na zile pesa za zulia zinaweza kurudi?

Ni mimi,
Niliyechoka Kuliwa

*

Marahaba, mwanangu.

Bahili wewe si. Bahili angekasirikia bei ya chai. Wewe umekasirika kwa sababu mtu alikutazama usoni, akaficha noti yako, kisha akakuita mwongo mbele ya mumeo, na mumeo akalipia huo uongo. Hiyo ni hasira halali.

Mumeo naye nimemwelewa, na sidhani ni ukarimu unaomsukuma. Mtu mkarimu hutoa akijua anatoa nini na anampa nani. Yeye analipa ili kelele ziishe. Wanaume wengi wako hivyo, na wanawake pia. Sauti ikishapanda mbele ya watu baki, mkono wenyewe unakwenda mfukoni. Methali aliyokutolea ni nzuri, lakini haimruhusu mwenyeji kumchuna mgeni. Mkumbushe na ile nyingine: mgeni kuku mweupe. Uwanja mzima wa ndege unamwona.

Ila na wewe nitakugusa kidogo, kwa sababu umefunga mambo tofauti kwenye kanga moja. Yule wa noti ni mwizi, hatuna la kujadili. Yule wa zulia hakukuibia. Alitaja bei yake, ukataja yako, mkakutana, ukalipa ukiwa huru kuondoka. Ungekuwa bado unalifurahia zulia lile kama usingepita duka la tano. Sokoni ambako bei ni ya kupatana, bei ya kwanza haina uhusiano wowote na thamani ya kitu. Ni salamu tu. Kuishusha hadi nusu si ushindi, maana nusu hiyo aliipanga yeye. Dawa ni kuzunguka kwanza bila kununua, ukasikia bei za maduka kadhaa, ndipo urudi kwa uliyempenda na namba yako kichwani. Itaje mara moja, unyamaze. Akikataa, aga vizuri uondoke. Akikuita, bei imeshuka, na asipokuita umejua ulikuwa chini mno. Na kitu usichokitaka usikiulizie bei hata kwa utani, chai isije ikakufunga miguu.

Kuna pia bei ya mgeni iliyopangwa na serikali yenyewe, ambayo watu huigombania bure getini. Taj Mahal raia wa India analipa rupia 50, mgeni kutoka mbali 1,100. Hiyo imeandikwa ukutani na ina tiketi. Lipa au usiingie. Mkata tiketi umwache.

Sasa tuje kwenye teksi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo pana mafunzo.

Miaka kadhaa iliyopita watafiti wa uchumi walifanya jaribio mjini Athens. Waliwapandisha watu wao kwenye teksi, safari zile zile, mmoja akijionyesha kuwa mwenyeji wa mji, mwingine Mgiriki aliyetoka mkoani, wa tatu mgeni anayeongea Kiingereza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba asiyejua njia alizungushwa, hata kama ni Mgiriki mwenzao. Kuchezea bili, kama kuongeza ada zisizokuwapo, kulimwangukia zaidi yule mgeni asiyejua nauli hupangwaje. Yaani dereva mlaghai anapima vitu viwili tu: unajua njia? Unajua bei? Rangi yako, nguo zako, begi lako, vyote ni vya kumsaidia kubashiri majibu ya maswali hayo.

Na usidhani ni ushamba wako. Januari 2005 meya wa Prague, mji mkuu wa Wacheki, Pavel Bém, alijigeuza mtalii wa Kiitaliano, akabandika ndevu, akapanda teksi za mji wake mwenyewe. Akatozwa mara kadhaa ya nauli halali.

Kwa hiyo kazi yote inafanyika kabla mlango wa gari haujafungwa. Nauli iulizeni kwa mtu ambaye haimhusu: waandikieni hoteli siku chache kabla, muulize ni kiasi gani kutoka uwanjani na teksi rasmi zinasimama wapi. Yule dada wa mapokezi aliyewacheka baadaye angewajibu mapema bila shida. Katika miji mingine bei imeshapangwa na wenye mamlaka. Kutoka uwanja wa JFK hadi Manhattan, New York, nauli ya teksi ya njano ni dola 70 tangu Desemba 2022, zikiongezeka ada za barabara na tozo chache. Paris nayo, kutoka uwanja wa ndege, ina nauli moja kwa upande wa kaskazini wa mto Seine na nyingine kwa upande wa kusini, haijalishi foleni ni ndefu kiasi gani. Mwenye kujua hilo anamwambia dereva namba kabla hajakaa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Anayekufuata ndani ya jengo la uwanja usimfuate, hata awe na kitambulisho shingoni na tabasamu la malaika. Teksi halali inakungoja kwenye foleni yake, haikuvui begi mkononi. Na mita mbovu maana yake ni gari jingine. Huna haja ya kubishana. Sema asante, shuka.

Hata mita nzima ina michezo. Mwaka 2010 mamlaka ya teksi ya New York ilibaini kwamba maelfu ya madereva walikuwa wakibonyeza nauli ya nje ya mji, ambayo ni mara mbili, huku abiria wako katikati ya jiji. Mita ilikuwa inafanya kazi barabara kabisa. Athens pia kuna nauli namba 1 na namba 2. Ya pili ni ya usiku wa manane au ya nje ya mji, na namba hiyo huonekana kwenye mita. Kwa hiyo ukikaa tu, tazama mambo mawili: mita imeanza na kiasi gani, na imewekwa nauli ipi. Halafu fungua ramani kwenye simu na uiache ionekane. Si lazima useme neno. Dereva akiona unaifuata njia, swali lake la kwanza limejibiwa.

Kuhusu ile noti. Mchezo huo unategemea sekunde moja tu ambayo macho yako hayapo, na mabegi yenu yakiwa bado kwenye buti la gari lake. Wengi hulipa wakiwa wamekaa, mizigo iko nyuma, na dereva anajua hamwezi kushuka kwa hasira. Hapa ndipo wewe na mumeo mnapaswa kugawana kazi. Gari likisimama, yeye ashuke, afungue buti, atoe mabegi yote hadi chini. Wewe ubaki umekaa. Mabegi yakiwa kwenye lami ndipo uhesabu noti moja moja ukiitaja kila moja kwa sauti, "mia mbili, mia mbili," na usiziachilie mpaka dereva mwenyewe awe ameziangalia. Mwanamazingaombwe anahitaji mtazamaji aliyezubaa. Ukishamhesabia hivyo, hana pa kuanzia. Na mwanzo wa siku vunjeni noti kubwa dukani, kwenye maduka yenye mashine za risiti, ili kwenye teksi mlipe kiasi kamili. Kuna nchi ambako hata bila mwizi utajiibia mwenyewe: Vietnam noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya buluu, na moja ni mara 25 ya nyingine. Zitengeni mifuko miwili.

Lakini nisikufiche: pale mlipofikia, sauti imepanda, gari limezuia njia, mko ugenini na hamjui lugha, mumeo alikuwa sahihi kulipa. Alichokosea ni ile chenji. Pesa iliyopotea kwa njia hiyo haifai ngumi wala kituo cha polisi usiku. Piga picha namba ya gari mkishashuka, ondokeni. Istanbul wana namba 153 ya manispaa kwa malalamiko, na namba ya usajili wa gari, saa na mahali ndivyo vitu vinavyofanya malalamiko yasomwe. Bila namba ya gari huna malalamiko, una hadithi.

Zulia sasa. Ile mashine ya kadi ilikuuliza swali na muuzaji akakujibia. Ukilipa kwa kadi nje ya nchi, mashine nyingi hukupa uchaguzi: ulipe kwa sarafu ya hapo, au kwa sarafu nyingine, ya kadi yako au dola, ikibadilishwa papo hapo. Hiyo ya pili inavutia kwa sababu unaona kiasi unachokielewa. Kiwango cha kubadilishia lakini ni cha yule mwenye mashine, na ndani yake kuna faida yake na mara nyingi na gawio la muuzaji. Daima chagua sarafu ya nchi uliyomo, hata kwenye mashine za kutolea pesa, ambako skrini hukutisha kidogo kwa maneno kama "bila ubadilishaji". Usitishike, benki yako itabadilisha yenyewe, na kwa kawaida kwa nafuu. Umoja wa Ulaya ulilitungia jambo hili kanuni mwaka 2019, kwamba mteja aonyeshwe asilimia ya nyongeza kabla hajakubali. Kanuni ya kutungwa haina maana kama kidole kinachobonyeza si chako. Mwombe muuzaji mashine uishike mwenyewe. Akikataa, lipa taslimu au acha.

Je, zinarudi? Bei ya zulia lenyewe, sahau. Ulikubali, ukaweka namba ya siri, hakuna benki itakayokusikiliza ukisema duka la tano lilikuwa rahisi. Lakini ile tofauti ya ubadilishaji ina mlango, kwa sababu sheria za mitandao ya Visa na Mastercard zinataka mteja achague mwenyewe. Tafuta risiti. Ikiwa imeandikwa kiasi kwa lira, kiasi kwa dola na kiwango kilichotumika, nenda benki nayo uandike pingamizi kwamba hukupewa nafasi ya kuchagua. Usichelewe, maana muda wa kupinga mara nyingi ni siku 120 tangu muamala. Kama risiti uliitupa, nafasi yako ni ndogo, lakini kuuliza hakukugharimu.

Samaki nitampitia haraka. Chakula kisicho na bei kwenye menyu hakiagizwi, basi. Samaki wa baharini mara nyingi huuzwa kwa uzito, na ile namba ndogo unayoiona huwa ya gramu 100, si ya sahani. Apimwe mbele yako, utajiwe jumla, ndipo aingie jikoni. Januari 2018 watalii wanne kutoka Japani walipewa bili ya zaidi ya euro 1,100 mjini Venice kwa nyama za kuchoma, samaki wa kukaanga na maji. Walilalamika polisi walipofika mji mwingine, na mgahawa ukapigwa faini. Waliweza kwa sababu walikuwa na bili mkononi. Kwa hiyo mumeo akitaka kulipa bila kuisoma, alipe, lakini karatasi iingie kwenye pochi yako.

Na kwa kuwa tupo kwenye karatasi: mkibadilisha fedha, ulizeni "nikikupa hizi, utanipa ngapi mkononi?" Tangazo la "hakuna kamisheni" halisemi chochote kuhusu kiwango. Wacheki walichoshwa na vibanda vya kubadilishia fedha vya Prague kiasi kwamba tangu 2019 sheria yao inamruhusu mteja kurudisha fedha ndani ya saa 3 na kufuta ubadilishaji, kwa kiasi kisichozidi euro 1,000. Nchi nyingi hazina huruma hiyo.

Haya, Bangkok.

Teksi za pale zina mita, na mita ya gari dogo inaanza na baht 35, baht ikiwa fedha ya Thailand. Uwanja wa Suvarnabhumi kuna mashine chini, ghorofa wanayoiita ya kwanza, zinazotoa kikaratasi cha foleni chenye namba ya maegesho na taarifa za dereva. Kikaratasi hicho kitunze, usimpe dereva, ndicho ushahidi wako. Juu ya mita utaongeza baht 50 za uwanja, na ada za barabara ya kulipia kama mtaipita. Hizo ni halali, usije ukamkaba mtu wa watu. Kama hamtaki habari ya teksi, kuna treni ya kuingia mjini kutoka chini ya jengo hilo hilo, na kuna programu ya Grab inayoonyesha bei kabla hujaita gari. Mjini, dereva aliyeegesha mbele ya hoteli kubwa au kivutio cha watalii mara nyingi anasubiri abiria wa kupatana bila mita. Tembeeni kidogo hadi barabarani, msimamishe linalopita.

Tuktuk, yaani bajaji yao, haina mita. Bei ni ya mdomo, na kwa safari fupi usishangae ikizidi teksi yenye kiyoyozi. Pandeni mara moja kwa ajili ya picha, mkubaliane kabla, kwa watu wote wawili na si kila kichwa, yaishe.

Mtakapokaribia Kasri Kuu, na hili nakuomba ulishike, atatokea mtu nadhifu, mpole, pengine anajua Kiingereza kuliko sisi sote, atawaambia leo kumefungwa, kuna ibada au sikukuu. Atasikitika kwa ajili yenu. Kisha atakumbuka kwamba leo hii kuna hekalu jingine zuri, na tuktuk ya kwenda huko ni baht 20 tu, na njiani kuna duka la vito lenye punguzo la siku moja. Hakujafungwa. Kasri hufunguliwa kila siku kuanzia saa 2:30 asubuhi, isipokuwa siku chache za shughuli za kifalme, na anayejua ni mlinzi wa getini, si mpita njia. Ile tuktuk ya bei ya kutupwa inalipwa na duka la vito, na kile kijiwe cha buluu mtakachouziwa kama kitega uchumi hakitawahi kuuzika tena kwa bei hiyo. Hapo mtu hapotezi nauli, anapoteza akiba. Huyu mtu mpole namhofia zaidi kuliko madereva wote waliopiga kelele Istanbul, hasa kwa mumeo, maana hatamgombeza. Atamwita rafiki.

Yakitokea ya kutokea, polisi wa utalii wa Thailand wanapatikana kwa namba 1155, na wanaongea Kiingereza. Mara nyingi kuitaja tu namba hiyo, bila hasira, kunashusha bei.

Kuhusu mumeo, usimpelekee barua hii kama hati ya mashtaka. Kaeni nyumbani mkiwa mmeshiba, mkubaliane mambo mawili. La kwanza, mtenge kiasi cha pesa ambacho ni chake cha kugawa: bakshishi, mzee anayepiga zeze, dereva mwenye watoto, chochote roho yake inapenda, na wewe usimuulize. Kikiisha kimeisha. La pili, anayelipa ndiye anayeongea, na mwenzake hafungui mdomo mpaka mmefika chumbani. Kilichowaumiza kule haikuwa lira 200; ni ninyi wawili kupingana mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutafuta upenyo. Alimwona mmoja anabishana na mwingine anaona aibu, akajua pesa itatoka kwa yupi.

Na wewe, weka kiwango chako cha kutogombana. Kama tofauti ni ya bei ya chupa ya maji, iache ipite, hata kama umeiona. Kuna watu wanakwenda hadi mwisho wa dunia wakarudi wanakumbuka bei tu.

Kwenda na kikundi cha wakala hakutakuokoa kama unavyofikiri. Safari ya kikundi yenye bei ya kutiliwa shaka hulipiwa na maduka, na mtapelekwa huko kwa basi, mfungiwe humo mpaka mnunue. Thailand yenyewe mwaka 2016 ilifanya msako mkubwa dhidi ya ziara za namna hiyo, zile ambazo mtalii analipa karibu na bure nyumbani kisha anakamuliwa akifika. Mkichagua kikundi, ombeni ratiba iliyoandikwa siku kwa siku, na muulize mtapitishwa maduka mangapi na kama mnaruhusiwa kubaki nje. Wakijibu "machache tu, msijali", tafuteni wakala mwingine.